Kopo la Nane

Mara ya kwanza Mwalimu aliponisemesha, nilikuwa nimebeba beseni la maji niliyomwoshea mteja nywele, naelekea kuyamwaga barabarani. Akatokea upande wa pili wa michongoma, kilemba kimekaa upande, akaninyooshea kidole kama mtu aliyemfumania mwanafunzi anaibia mtihani.

"Hayo yamefanya kazi ngapi?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuuliza, yamefanya kazi ngapi?"

Nikamwambia yameosha kichwa kimoja. Akaguna. "Kazi moja! Maji yaliyofanya kazi moja ni mtoro huyo, binti, hajamaliza shule. Lete huku." Nikazunguka michongoma na beseni langu, nikayamwaga aliponielekeza, kwenye shina la mgomba, na tangu siku hiyo miaka inakwenda na mimi bado nazunguka. Mteja alibaki kwenye kigoda na povu masikioni, akidhani nimemkimbia.

Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, alikokuwa akifundisha Sayansi Kimu, yaani kupika, kushona na kutunza nyumba. Shule ilimstaafisha, yeye hakustaafu. Alituchukua mtaa mzima tukawa darasa lake jipya, wazee kwa vijana, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kusoma.

Nataka kumsimulia mama huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nampenda. Ya pili ni kwamba nusura nimhamishe mtaani kwetu kwa mdomo wangu. Mimi ni msusi, na msusi asiye na habari husuka vichwa viwili kwa wiki. Nilisimulia vituko vyake kwa kila kichwa kilichokaa mbele yangu, kisha nikamsimulia binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeishi Dodoma na mumewe. Binti akaanza kuamini kwamba mama yake amerukwa na akili, akapanga kuja kumchukua moja kwa moja. Mwalimu hakutaka kwenda. Alitaka kuzeekea nyumbani kwake Ifakara, pembeni ya matembele yake. Kwa hiyo ujue kabisa, kila kichekesho nitakachokupa hapa kiliwahi kuwa ushahidi dhidi yake.

Na lazima ujue pia kwamba Ifakara si mahali ambapo mtu angetegemea kukuta bingwa wa kubana maji. Sisi maji hayatupigii hodi. Masika ikichachamaa yanaingia sebuleni yenyewe, yanazunguka meza, yanabeba ndala za watoto na kwenda nazo. Kuna mwaka yalipanda hadi usawa wa kitanda, na Mwalimu tulimkuta juu ya kitanda chake, kilichokuwa kimepandishwa juu ya matofali, kakunja miguu, kashika kikombe, anatoa amri kupitia dirishani. Jirani mmoja, mwanamume mzima, suruali kaikunja mapajani, akamwambia, "Mwalimu, nawe unapima maji kwa kikombe na maji ndiyo haya yamejaa hadi uvunguni?"

"Hayo?" akasema Mwalimu. "Hayo yamepitia vyoo vya mtaa mzima ndipo yakaja kukusalimia. Haya, kunywa."

Jirani akayatazama maji yaliyomzunguka, akatoka humo taratibu kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Tangi la Mwalimu lilikuwa limesimama juu ya jukwaa la matofali, limejaa maji ya mvua kutoka batini, na ndilo lililotunywesha wiki ile visima vilipochafuka. Nilipewa lita tano za kunywa mimi na wanangu, na mahubiri ya lita hamsini juu yake.

Halafu inakuja Septemba. Kisima kinashuka, bomba linakohoa upepo siku tatu, na wale wale waliokuwa wanachota maji sebuleni kwa ndoo wanakimbizana na baiskeli za wauza madumu. Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa anapita mtaani akitembea polepole kuliko kawaida yake. Hasemi neno. Anatusalimia tu, mmoja mmoja, kwa sauti tamu. Ilikuwa inaudhi sana.

Ukitaka kumjua, mkute siku anapika wali. Mchele wa kwetu unaujua, ukiinjikwa harufu inafika barabarani, na watu hugundua ghafla kwamba walikuwa na salamu za kuleta. Mwalimu aliuosha mara tatu, na kila maji yalikuwa na sufuria yake, zimepangwa mstari. Ya kwanza, yaliyo meupe, yalichanganywa na pumba za kuku. Ya pili yalikwenda kwenye mchicha. Ya tatu yalilowekea vyombo, na yakishaloweka yakaenda kwenye mpapai. Kwa hiyo ukila wali kwa Mwalimu, kuku ameshakula, mchicha umeshakula, na wewe mgeni wa heshima ndiye wa mwisho.

Bustani yake ilikuwa kinyume na bustani zote. Sisi tulipanda kwenye matuta mwaka mzima, kwa mazoea ya ardhi ya kwetu inayolowa. Yeye kiangazi aliyabomoa matuta, akachimba vitalu vilivyozama kidogo kama sinia, akavifunika pumba za mpunga alizoomba bure mashineni, ili udongo usikauke. Nyanya alizichomekea chupa za plastiki zilizogeuzwa kichwa chini, zimetobolewa kizibo, zinadondosha tone moja moja kwenye mizizi. Ukimwagilia saa sita mchana, alisimama nyuma yako kimya hadi ukageuka. "Endelea tu," alisema. "Sikujua na jua nalo umelipanda."

Sasa mtu wa namna hii utadhani ni mchoyo. Hapana, na hapo ndipo aliponichanganya. Maji ya kunywa hakuyabana hata kidogo. Mpita njia yeyote akiomba maji, alipewa glasi iliyojaa hadi mdomoni, ya mtungini, ya baridi, na kabla hajaimaliza jagi linamsubiri. "Ya kunywa hayana hesabu," alisema. Na mtu akibakiza kidogo chini ya glasi akataka kukitupa, alimshika mkono.

Halafu kuna mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ya msimu hakuikinga. Alisema hiyo inaosha bati, ina vumbi na mavi ya ndege, iachwe ipite. Basi kwa kuwa ilikuwa inapita tu, aliona ana ruhusa nayo. Alitoka nje na kitenge chake, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, akasimama chini ya bomba la mfereji wa bati linalomwaga, akajipaka sabuni na kitenge chake mwilini, akaimba nyimbo za mchakamchaka kwa sauti ya kuamsha wafu. Watoto wa mtaa walijipanga wakamwitikia. Mwaka mmoja nilimfuata nikiwa na chanuo bado mkononi, tukaruka wote wawili hadi kilemba chake kikaondoka na maji ya mtaroni. Hakukikimbilia. Alicheka hadi akashika ukuta.

Na mtu huyo huyo aliogopa mto. Alialikwa mara kadhaa na wanafunzi wake wa zamani walioko Mofu, kijiji cha huko mtoni, na kila mara alipata mafua ghafla. Tukipita darajani, alifumba macho akanishika goti. "Yale ni mengi mno," alininong'oneza. "Hayana mtu wa kuyaambia kitu."

Lakini visa nilivyovisimulia mara nyingi kuliko vyote ni viwili, na cha pili nilikisimulia hadi mahali pabaya, ila sharti nianze na harusi.

Jirani yetu aliozesha, na sherehe ikafanyika uwanjani, mpakani mwa nyumba yake na ya Mwalimu. Mwalimu akajitolea kusimamia kunawa mikono. Tukashukuru. Hatukujua. Asubuhi tulikuta meza ya ndoo na sabuni imesogezwa, imewekwa juu kabisa ya mtaro wake wa matembele, na mtaro umechongwa upya kwa jembe, una mteremko mzuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Wageni wote wa harusi ile, wenye suti na wenye magauni ya kumetameta, walipanga foleni wakanawa juu ya mboga. Mwalimu alisimama na kata, anawamiminia. "Sogea mbele kidogo, baba. Na huku mwisho hakujapata. Mikono yote miwili, mama, usiwe mvivu." Mjomba wa bwana harusi, aliyevaa viatu vyeupe, alisogea kama alivyoambiwa, akateleza, akakaa kwenye matembele na hotuba yake mfukoni. Akasoma hotuba hivyo hivyo, nyuma ya suruali ikiwa na ramani. Mwezi uliofuata tulikula mboga nyororo ajabu, na mtaa mzima tukaziita matembele ya harusi.

Sasa kisa cha pili. Bafu la Mwalimu lilikuwa nje, ukuta wa matofali bila paa, na maji yake yalitoka kwa bomba yakaenda migombani. Ndani, ukutani, aliandika kwa chaki: ndoo moja, makopo saba. Mawili ya kulowa, matano ya kusuuza. Na kwa kuwa alikuwa akikaa karibu na migomba akichambua mboga, sikio lake lilizoea kuhesabu. Hakuwa anakusudia. Ukioga kwa Mwalimu, ukizidisha, sauti ilikufuata: "La nane hilo, binti!"

Krismasi moja binti yake alikuja na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Mkwe ni kijana wa Kisukuma, ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe zamani, naye akasoma akapata kazi Dodoma. Mpole, na mrefu kupita kiasi. Nawe unajua mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana. Hawapeani mikono ovyo, hawakai kiti kimoja, na habari za bafuni hazitajwi kati yao hata kwa mafumbo. Mwalimu alijiandaa wiki nzima kuwa mama mkwe wa kupigiwa mfano. Kanga mpya, sauti ya chini, macho chini.

Adhuhuri mkwe akaenda kuoga. Mwalimu alikuwa migombani na ungo wake, amezama kwenye mboga, amesahau nani yuko wapi. Mimi nilikuwa upande wangu wa michongoma nasuka. Nikasikia kopo, kopo, kopo, kisha sauti ya Mwalimu, ile ya paredi:

"La nane hilo! Migomba imeshiba!"

Halafu, polepole, juu ya ukuta wa bafu kikapanda kichwa. Kirefu, cheupe kwa povu, macho mekundu kwa sabuni. Kikamtazama mama mkwe wake. Mama mkwe akakitazama. Na kwa kuwa kijana alilelewa vizuri, na hakujua afanye nini kingine duniani, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema Mwalimu, na ungo ukamwanguka.

Sijawahi kumwona mama wa umri ule akipita katikati ya michongoma. Alipita. Aliingia kwangu, akavuta kanga ya kwenye kamba akajifunika gubigubi, akakaa nyuma ya mlango hadi jioni, akitoa kilio kidogo kila nilipoanza kucheka. "Nimemhesabia mkwe wangu," alikuwa anasema. "Nimemhesabia mkwe." Mteja wangu aliondoka na kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa kwa sababu mikono yangu ilikataa kazi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini kisa kitamu hakikai mdomoni mwangu, nacho kila nilipokisimulia kiliongezeka chumvi kidogo. Binti alipopiga simu miezi baadaye kuuliza habari za mama, nikampa kilichokolea. Nikasema mama yake huchungulia wageni bafuni. Nikasema hunong'ona na migomba. Nilikuwa nacheka sana hata sikusikia kwamba upande wa pili hakuna anayecheka.

Binti na mumewe wakaja na gari Jumatano. Mwalimu alinitazama juu ya michongoma, hakuniuliza yamefanya kazi ngapi wala nini, akaingia ndani. Nilijisikia vibaya, tena vibaya sana, na nikajua siwezi kukaa kwangu nikisuka.

Kikao kilifanyika uani kwake saa nne asubuhi, kwenye vigoda. Binti alikuwa amelia. "Dada," akaniambia, "wewe ndiye uliyeniambia. Mama anachungulia watu wakioga, kweli au uongo?"

"Uongo," nikasema. "Hilo nililitia mimi. Hakuchungulia, alisikia. Na migomba haiambii kitu, huwa anaimba tu."

"Na kumhesabia mume wangu?"

Hapo sikuwa na pa kutokea. "Hilo ni kweli."

Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Tuliona ameumia, na kwamba neno lake ndilo litakalompakia Mwalimu kwenye gari. Akakohoa. Akazungumza na kile kijiti, kwa sababu mbele ya mama mkwe hangeweza kutazama mtu.

"Sisi kwetu kiangazi," akasema, "maji yalikuwa ya ng'ombe kwanza. Bibi yangu alituogesha watoto wanne kwa sufuria moja, na aliyelia alioga wa mwisho. Mama huyu si mgonjwa. Mimi nilioga makopo mengi, niliambiwa haki yangu. Tangu siku ile nyumbani naoga saba."

Mkewe akamgeukia. "Kumbe ndiyo maana unatoka bafuni haraka hivyo! Mimi nikadhani unanikwepa!"

Ilibidi mtu aanze kucheka, na aliyeanza ni Mwalimu, ndani ya kanga, mabega yakitikisika. Tukacheka wote, hata mkwe, akiwa bado ametazama chini. Kicheko kilipokwisha Mwalimu akatoa uso kwenye kanga, na ulikuwa na machozi ya aina nyingine.

"Naogopa, mwanangu," alimwambia binti yake. "Nilikaa kwako wiki mbili. Mlinipenda, sikukosa kitu. Nilikaa kwenye kochi hadi miguu ikavimba. Nikifungua bomba maji yanakuja, nikifunga yanakwisha, hakuna kinachonihitaji. Hapa nikiamka kuna vitu vinanisubiri. Usinitoe."

Binti alilia, mama akalia, mimi nikalia zaidi yao kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Mwisho binti akafuta uso. "Basi baki. Lakini dada wa michongoma atanipa taarifa kila Jumamosi, kila kitu, bila chumvi. Siku nikisikia huendelei vizuri, nakuja siku hiyo hiyo, na hakuna kikao tena." Mwalimu akakubali. Mimi nikaapa. Gari likarudi Dodoma na magunia mawili ya mchele badala ya mama.

Mwaka huu, siku chache kabla ya mvua, Mwalimu aliniita. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo aliyoifunika, ungo mapajani, lakini hachambui. Akaniambia nikae. Akaniambia jambo. Ni jambo la mwilini mwake, la kweli, na daktari analijua. Amempa dawa, amempa tarehe za kurudi, amemwambia aendelee na shughuli zake taratibu. Akaniomba tuwe tunakwenda wote hospitali. Kisha akaniomba nisimwambie binti yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "mtaa mzima una midomo, na wangu ndio mkubwa. Kwa nini mimi?"

"Wengine wakinyamaza nitadhani wamesahau," akasema. "Wewe ukinyamaza nitajua umenyamaza kwa ajili yangu."

Nilichukua ungo, nikaanza kuchambua mimi, naye akanikosoa namna ninavyoondoa vikonyo. Nimelibeba jambo hilo hadi leo. Sijamwambia mteja, sijamwambia mume wangu, wala wewe unayesoma sikuambii. Linanichoma mdomoni kama uji wa moto.

Jumamosi binti alipiga simu, mchana, nikiwa katikati ya kichwa.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ametuma salamu. Mchicha umekubali."

"Na vituko vyake?"

Mteja aliinua shingo asikie. Nikamrudisha kichwa chini kwa mkono.

"Wiki hii hana," nikasema.

"Wewe, dada? Huna la kunisimulia hata moja?"

"Sina, mdogo wangu," nikasema, nikamuuliza kama Dodoma mvua imenyesha.